Sura ya Nne: Kurusha na Kuamua Penye Upepo

Altimeti ni mchezo wa timu mbili zinazoshindania kisahani cha plastiki katika uwanja wa mstatili, ambapo timu hupata goli pale mchezaji wake anapokidaka kisahani ndani ya eneo la goli lililo upande wa wapinzani, na sharti lake kubwa, ambalo huutofautisha na mpira wa miguu na hata na mpira wa kikapu, ni kwamba aliyekishika kisahani haruhusiwi kukimbia nacho. Akishakidaka hupaswa kusimama upesi, kuukaza mguu mmoja chini usihame mahali pake, na kukitoa kwa mwenzake kabla mpinzani anayemkaba hajafika kumi katika hesabu anayoitamka kwa sauti. Kisahani kikianguka, kikitoka nje au kikinaswa na mpinzani, umiliki hubadilika papo hapo. Kwa hiyo hakuna njia ya kusonga mbele isipokuwa kurusha, na kila mrusho huwa umetanguliwa na uchaguzi: kwa nani, upande gani, kwa kimo gani, au kutorusha kabisa na kusubiri kidogo. Mafunzo mengi huufundisha mkono siku moja na akili siku nyingine, na hapo ndipo wanafunzi hupotezwa, kwa kuwa mchezaji hawezi kuamua vyema juu ya mrusho asioujua tabia yake, wala mkono hauwezi kunolewa ipasavyo iwapo haijulikani utatumikia uamuzi gani. Mambo haya mawili ni kitu kimoja, na mahali panapolidhihirisha jambo hilo kuliko pengine popote ni ufukweni, penye upepo.

Historia ya mchezo wenyewe ni fupi. Uliasisiwa mwaka 1968 na wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Columbia, katika mji wa Maplewood, jimbo la New Jersey nchini Marekani, miaka 11 baada ya kampuni ya Wham-O kuanza kuuza visahani vya kuchezea. Shirikisho la kimataifa la michezo ya kisahani, linalojulikana kwa kifupi WFDF, liliundwa mwaka 1985, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalitambua rasmi mwaka 2015. Kisahani cha mashindano kina uzito wa gramu 175 na kipenyo cha takriban sentimita 27. Uwanja wa nyasi una urefu wa mita 100 na upana wa mita 37, na kila timu huingiza wachezaji 7. Uwanja wa mchangani una mita 75 kwa 25, wachezaji ni 5 kila upande, na mita 15 za kila mwisho ndizo eneo la goli, hivyo sehemu ya katikati hubaki mita 45. Katika Afrika Mashariki mchezo huu una wachezaji Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na kote huchezwa bila refa, kwa maana wachezaji wenyewe ndio wanaotaja madhambi na kuyaamua kwa mazungumzo ya muda mfupi. Sharti hilo la uungwana limo ndani ya kanuni zenyewe, wala si pambo lililowekwa pembeni.

Pwani inayoanzia Kismayo na kushuka kusini-magharibi hadi Ras Kamboni, pamoja na visiwa vya Wabajuni vilivyojipanga mbele yake, vikiwamo Fuma, Koyama, Ngumi, Chovai na Chula, ina sifa moja inayoifanya kuwa darasa bora la mada hii. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, ambao ni upepo wa msimu utokao kaskazini-mashariki. Kuanzia Aprili hadi karibu na Septemba huvuma kusi, utokao kusini na kusini-magharibi, nao ndio wenye nguvu zaidi na wenye kuichafua bahari. Ufuo wa sehemu hiyo nao umelala kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi, yaani karibu sambamba na njia ya pepo zote mbili. Mtu akitaka kupanga uwanja wa mita 75 kwenye mchanga hana budi kuulaza kando ya maji, kwa kuwa kuukatisha kuelekea nchi kavu haiwezekani isipokuwa mahali pachache mno, na akiulaza hivyo atakuwa ameuelekeza moja kwa moja kwenye upepo. Timu moja itashambulia kuelekea joshini, yaani upande upepo unakotoka, na nyingine kuelekea demani, yaani upande upepo unakokwenda, na tofauti kati ya kazi hizo mbili ni kubwa kuliko tofauti ya vipaji vya wachezaji wengi.

Ili kuona kwa nini, inafaa kueleza jinsi kisahani kinavyoruka. Kisahani huinuliwa na hewa inayopita juu na chini yake, mfano wa bawa la ndege, na hubaki kimelala sawa kwa sababu kinajizungusha. Mzunguko huo ndio unaokifanya kikatae kupinduliwa. Nguvu ya hewa haifuati kasi ya kisahani ikipimwa na ardhi, bali kasi yake ikipimwa na hewa yenyewe, na zaidi ya hayo huongezeka kwa mraba wa kasi hiyo, kwa maana kasi ikizidi mara mbili nguvu huzidi mara nne. Tuseme kisahani kimerushwa kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde siku ambayo upepo unakwenda mita 5 kwa sekunde, ambao ni upepo wa kawaida kabisa wa msimu. Kikielekea joshini, hewa hukipiga kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Kikielekea demani, hewa hukipiga kwa kasi ya mita 10 tu. Mkono ni ule ule na jitihada ni ile ile, lakini nguvu ya hewa katika mrusho wa kwanza ni mara nne ya ile ya mrusho wa pili. Ndiyo sababu pasi iliyofika vizuri kifuani mwa mpokeaji wakati wa shwari hupaa juu ya kichwa chake ikielekezwa joshini, na ikielekezwa demani huzama na kumfikia magotini au kabla ya hapo.

Jambo la pili linahusu mwinamo. Mwaka 2003 Sarah Hummel wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alitoa tasnifu iliyochambua kwa hesabu mruko wa kisahani na mwendo wa mwili wa mrushaji, na kanuni kuu za uchambuzi wa namna hiyo zinaweza kuelezwa kwa maneno mepesi. Hewa haikisukumi kisahani katikati kabisa. Kasi inapopungua na pua yake, yaani ukingo wa mbele, ikawa imeinuka, msukumo husogea mbele na kutaka kuinua pua zaidi. Kwa kuwa kinajizungusha, kisahani hakiupokei msukumo huo pale pale, bali huuonyesha robo ya mzunguko baadaye, hivyo badala ya kuinuka pua hulalia ubavu. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mrusho wa mgongo wa mkono humalizikia kushoto, na mrusho wa kiganja humalizikia kulia. Mrushaji asiyelijua hili hulaumu upepo kwa kosa ambalo upepo umelikuza tu, kwani mwinamo mdogo uliokuwa ukivumilika wakati wa shwari huzidishwa karibu mara mbili ukielekea joshini katika upepo ule wa mfano.

Majina hayo mawili ya mirusho yanahitaji ufafanuzi, kwa kuwa ndiyo msingi wa mchezo mzima. Mrusho wa mgongo wa mkono ni ule ambao mkono huvutwa upande wa pili wa mwili, kisha hupita mbele ya kifua na kukiachia kisahani mgongo wa kiganja ukiwa umetangulia. Vidole vinne hukunjwa ndani ya ukingo na kidole gumba hukandamiza juu. Mrusho wa kiganja hutokea upande ule ule wa mkono, kiganja kikitazama juu na mbele. Kidole cha kati hubanwa ndani ya ukingo, cha shahada hukisaidia kwa kukitegemeza kisahani chini, na gumba hubaki juu. Mchezaji mwenye mrusho mmoja tu ni nusu ya mrushaji, kwa sababu anayemkaba atasimama upande huo mmoja na kumwachia upande asioweza kuutumia. Mchezaji wa mkono wa kulia hukaza mguu wa kushoto, na mguu wa kulia ndio unaotembea: huvuka kwenda kushoto kwa mrusho wa mgongo wa mkono, na hupanuliwa kwenda kulia kwa mrusho wa kiganja. Upana wa hatua hiyo una thamani kubwa kuliko wanafunzi wanavyodhani, kwa kuwa hukitoa kisahani nje ya mikono ya mkabaji na wakati huo huo hukishusha karibu na mchanga, mahali ambapo upepo ni mdogo kuliko kimo cha kichwa.

Kosa lililoenea kuliko yote penye upepo ni kuongeza nguvu za bega. Mchezaji huona upepo ni mkali, akadhani dawa yake ni kurusha kwa kasi, na kwa kufanya hivyo huongeza nguvu ya hewa juu ya kisahani bila kuongeza kile kinachokidhibiti, ambacho ni mzunguko. Mzunguko hautoki begani. Hutoka kwenye kifundo cha mkono, ambacho hukunjwa mwishoni kabisa na kufyatuka kwa ghafla, kisha husimama, kana kwamba kidole kimekwaruzwa na ukingo unapotoka. Katika mrusho wa kiganja kiwiko hubaki karibu na mbavu, na mkono wote ukiachwa ubembee kisahani hutoka kikitetemeka, na kisahani kinachotetemeka joshini hakina matumaini. Zoezi linalofaa ni la kurusha bila bega kabisa: mwanafunzi hupiga magoti mchangani, huushika mkono wake wa juu kwa mkono wa pili, na kumpelekea mwenzake aliye umbali wa mita 5 au 6 kwa kifundo pekee, mpaka kisahani kifike kimetulia. Zoezi hilo linachosha na halina shangwe yoyote, lakini hakuna njia ya mkato inayolingana nalo.

Baada ya mzunguko hufuata pua. Mrusho wa kuelekea joshini hutaka ukingo wa mbele uinamishwe kidogo tu, ili upepo usipate tumbo la kisahani la kuliinua, na hutaka uachiliwe chini, kati ya goti na kiuno. Mrusho wa kuelekea demani hutaka kinyume chake, kwa maana pua inyanyuliwe kidogo ili kisahani kipate kimo kabla hakijaanza kuzama. Upepo wa ubavuni, ambao pwani hii huja hasa alasiri upepo wa bahari unapochanganyika na ule wa msimu, una hukumu yake: ukingo ulio upande wa upepo ukiwa juu, upepo huingia chini ya kisahani na kukichukua mbali, ukiwa chini, upepo hukikandamiza na kukishusha mapema. Kwa mtu wa mkono wa kulia ambaye upepo unamjia kutoka kushoto, mrusho wa mgongo wa mkono, ambao kwa tabia humalizikia kwa kulaza ukingo wa kushoto, utakuwa mfupi lakini wa kutegemewa, ilhali mrusho wa kiganja utaufungulia upepo mlango na kuelea kwenda kulia kwa umbali usiotabirika. Hapa ndipo mtu anapoanza kuona jinsi ufundi wa mkono unavyogeuka kuwa uamuzi, kwa kuwa mchezaji anayejua hilo hujua pia, kabla hajakidaka kisahani, ni nusu gani ya uwanja iliyo wazi kwake kweli na ni ipi inayoonekana tu kuwa wazi.

Mrusho wa juu ya kichwa, ambao kisahani huachiliwa kwa kusimamishwa wima na kwenda kikipinduka mpaka kitue kichwachini, huwapendeza sana wanaoanza kwa sababu huwapita wakabaji juu. Penye upepo wa kusi unafaa kuachwa. Kisahani kilichopinduka hakina bawa, njia yake ni ndefu na ya juu, na mpokeaji hukidaka kikiwa kinaanguka kwa pembe ngumu.

Sheria moja ndogo ndiyo inayoipa mbinu ya upepo uzito wake wote. Timu ikipata goli hubaki kwenye eneo lile lile ililofungia, na kutoka hapo huwarushia wapinzani kisahani cha kuanzia. Tuchukue timu iliyofunga ikielekea demani: sasa inasimama demani, wapinzani wake wanapokea wakiwa joshini, nao watashambulia kwenda demani, yaani pamoja na upepo. Wakifunga, mambo hugeuka tena vile vile. Timu mbili zinazolingana zinaweza kucheza saa nzima kila moja ikifunga kwa zamu yake ya kwenda na upepo, na hakuna aliyemzidi mwenzake. Lakini timu ikifunga hata mara moja ikielekea joshini, hubaki joshini, huwarushia wapinzani kisahani kwa upepo ulio nyuma yake, wapinzani hao hulazimika kuanza mbali na kushambulia dhidi ya upepo, na wakikipoteza, waliofunga hushambulia tena wakiwa na upepo mgongoni. Goli moja la joshini huwa limezaa nafasi ya goli la pili. Nahodha asiyelielewa hili hutumia nguvu za wachezaji wake bora katika magoli ya demani, ambayo yangepatikana hata bila wao, kisha huwaingiza wachovu pale mchezo unapoamuliwa.

Kushambulia joshini kuna njia inayofahamika kwa yeyote aliyewahi kupanda chombo cha tanga, kwani chombo hakiendi moja kwa moja kuukabili upepo bali hupiga bisho, kikikata kulia kisha kushoto, na kila mkato ukikipa hatua ndogo mbele. Timu nayo hupaswa kukipeleka kisahani kutoka ubavu mmoja wa uwanja hadi mwingine kwa pasi fupi za mshazari, za mita 7 hadi 10, kila mpokeaji akikifuata kisahani badala ya kukingoja, kwa kuwa kisahani kinachongojwa joshini hupata muda wa kupaa. Pasi ya ubavuni haiushindi upepo lakini humhamisha mkabaji, na mkabaji anapohama, upande aliokuwa ameufunga huwa wazi kwa muda mfupi. Timu inayojaribu kuufupisha mwendo huo kwa pasi moja ndefu ya joshini huona kisahani kikipanda, kikisimama angani na kurudi, na mpinzani hukiokota katikati ya uwanja akiwa na upepo nyuma yake.

Swali la pasi ndefu hustahili kutazamwa kwa hesabu badala ya hamasa. Katika uwanja wa mchangani, timu inayosonga kwa pasi fupi huhitaji takriban pasi 6 kuzimaliza mita 45 za katikati. Ikiwa pasi zake 9 kati ya 10 hufika, uwezekano wa zote sita kufika mfululizo ni mara 53 katika 100. Upepo ukiwapunguzia hadi pasi 8 kati ya 10, ambao kwa macho ni upungufu mdogo, uwezekano huo huporomoka hadi mara 26 katika 100. Sasa iwapo mrushaji wa timu hiyo ana pasi ndefu inayofika mara moja kati ya tatu, pasi hiyo ni uamuzi mbaya siku ya shwari na ni uamuzi mzuri siku ya upepo, hasa akielekea demani, kwa sababu hata isipofika itakuwa imewaacha wapinzani ukingoni mwa goli lao, wakiwa na mita 45 za kupanda joshini. Kocha anayesema kwamba pasi ndefu ni uroho, na kocha anayesema kwamba pasi fupi ni woga, wote wawili wanakosea kwa namna ile ile, kwani kila mmoja ametoa hukumu kabla ya kuuliza upepo unatoka wapi na timu yake inafikisha pasi ngapi.

Inafuata kwamba mrushaji hana budi kuwa na namba zake mwenyewe, si za timu nzima. Wachezaji wengi huijua mirusho yao kwa ile waliyoipiga vizuri zaidi, na katika hesabu ya mwisho mwisho humkumbuka shujaa yule aliyerusha mara moja mita 40 mbele ya rafiki zake. Mrusho unaopaswa kutumika mchezoni ni ule ambao mchezaji anaweza kuurudia akiwa amechoka, amekabwa, na jasho limelowesha vidole.

Hesabu ya kumi nayo ina mpangilio wake wa ndani, na uamuzi mwingi mbaya ni uamuzi mzuri uliochelewa. Sekunde za mwanzo ni za kutazama mbele, ambako wenzake wanakimbia kuitafuta nafasi. Mrushaji aliyekidaka kisahani akiwa tayari amejua upepo na upande uliofungwa huweza kutoa pasi kabla mkabaji hajatulia, na hiyo ndiyo pasi rahisi kuliko zote. Hesabu ikifika 5 na mbele hakujafunguka, mrushaji hugeuza macho, kifua na mguu wake kumwelekea mwenzake aliye nyuma au ubavuni, ambaye kazi yake ni kuipokea pasi ya kuanzisha upya. Kugeuka huko hakupaswi kuwa kwa macho peke yake, kwa sababu mwenzake huanza kukimbia anapokiona kifua kimemgeukia. Anayegeuka hesabu ikiwa 8 huwa hajachagua pasi, amelazimishwa, na mkabaji wa yule mpokeaji analijua hilo kama yeye.

Pasi hiyo ya nyuma hudharauliwa kwa kuwa ni fupi, ilhali penye upepo ndiyo inayopotea kwa wingi, na sababu yake ni kwamba mrushaji husahau kuwa amegeuka. Timu inayoshambulia joshini hurudisha kisahani kwa kukipeleka demani, na hapo hakitapaa bali kitazama, hivyo hulengwa kifuani na pua ikiinuliwa kidogo. Timu inayoshambulia demani hurudisha kisahani kwa kukipeleka joshini, na hapo pasi laini iliyotolewa kwa uzembe hupita juu ya kichwa cha mwenzake. Hulengwa kiunoni, chini, kwa mzunguko mwingi. Mrushaji aliyefundishwa kuamua kabla ya kurusha hulikumbuka hilo akiwa bado anageuka.

Mkabaji pia huamua. Kanuni humtaka asikaribie zaidi ya upana wa kisahani kimoja, na humruhusu achague upande wa kuufunga kwa mwili wake. Lakini wapinzani wanapokwenda demani, busara ni kusimama usoni kabisa mwa mrushaji na kuzuia pasi ndefu, kwa kuwa pasi fupi za pembeni hazina madhara makubwa hapo. Mrushaji humjibu kwa kuzuga, yaani kuonyesha mrusho wa upande mmoja kwa hatua na bega hadi mkabaji auamini, kisha kukivusha kisahani upande wa pili. Kuzuga kunakofanywa kwa haraka mno hakumdanganyi mtu. Mkabaji lazima apewe muda wa kuuona uongo.

Kuhusu kudaka linatosha neno moja, kwamba penye upepo kisahani hudakwa kwa mikono miwili, mmoja juu na mwingine chini, mbele ya kifua, na mpokeaji huendelea kukimbia mpaka kiwe mikononi. Mchezaji anayedaka kwa mkono mmoja ili apendeze huwapotezea wenzake kazi ya pasi tano zilizotangulia.

Mazoezi ya kuunganisha mkono na uamuzi hayahitaji vifaa vingi, jambo ambalo ni rehema kwa visiwa ambavyo kila kitu hufika kwa chombo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali na kuacha mchanga mpana na mgumu, na hizo ndizo siku za mchezo kamili. Siku za maji mafu hufaa kwa mazoezi ya watu wawili wawili. Wachezaji wabadilishane pande mara kwa mara ili kila mmoja arushe joshini na demani kwa kipimo sawa, kwa kuwa mtu akiachiwa mwenyewe huchagua upande unaompendeza. Katika mchezo wa mazoezi hesabu ifupishwe kutoka 10 hadi 6, ili pasi ya kuanzisha upya ianze kutazamwa ikiwa 3, na goli la joshini lihesabiwe mawili. Wasichana wanaocheza kwao wenyewe na wavulana wanaocheza kwao wenyewe wanafaidika sawa na mazoezi haya, na mashindano ya kimataifa nayo yana kundi la wanawake, kundi la wazi na kundi la mchanganyiko.

Kifaa cha maana kuliko vyote ni daftari. Kila kisahani kinachopotea kiandikwe katika mojawapo ya safu tatu: kilipotea kwa mkono, maana yake uamuzi ulikuwa sahihi na mrusho ukatoka vibaya, kilipotea kwa jicho, maana yake mrusho ulitoka kama ulivyokusudiwa lakini haukupaswa kutolewa, au kilipotea kwa mpokeaji. Pembeni iandikwe kama kilikuwa kinaelekea joshini au demani. Wachezaji hupenda kujitetea kwa safu ya kwanza, kwa kuwa ni heshima zaidi kusema mkono uliteleza kuliko kusema macho hayakuona, hivyo anayeandika na awe mtu aliye nje ya uwanja. Timu ambayo safu yake ya jicho imejaa haitasaidiwa na mirusho mia zaidi ya kila siku. Inahitaji kucheza kwa hesabu fupi na kujifunza kukataa. Timu ambayo safu yake ya mkono imejaa upande wa joshini tu inahitaji kurudi mchangani kupiga magoti na kurusha kwa kifundo. Mirusho mipya, kama ule wa kiganja kwa mtu aliyezoea mgongo wa mkono, ni bora ianzishwe katika wiki za tanga mbili, kati ya kaskazi na kusi, wakati upepo umelegea na mwanafunzi anaweza kuliona kosa la mkono wake likiwa peke yake, kisha apewe miezi yote ya kusi ya kulijaribu sahihisho lake.